Asesmenti ya mtoto Hurlingham: nyota nne, ya tano imebaki chooni

Wacha nianze na choo ndio nikimalize. Hii ni kliniki ya kuangalia ukuaji wa watoto, watoto ambao nusu yao bado wako kwa nepi na wengine wanaogopa hata maji yakimwagika, halafu choo cha wateja ni kimoja, kiko nje ukishapita jenereta, na ndani kuna ile mashine ya kukausha mikono inanguruma kama lori la taka. Binti yangu Neema aliisikia mara moja tu, akashika masikio, akajikojolea hapo hapo mlangoni, na mi sikuwa nimebeba suruali ya pili. Dada wa mapokezi wala hakushtuka, alifungua droo akanitolea suruali ya akiba imekunjwa vizuri. Ziko nyingi kwa hiyo droo. Yaani mnajua kabisa shida iko wapi, mnaenda soko la Toi kununua suruali, badala ya kung'oa hiyo mashine mweke taulo?

Nyota moja imebaki hapo. Zile nne nawapa na roho safi, lakini siwezi kueleza ni za nini bila kusema tulifikaje huko, juu kama uko na mtoto na unaona kuna kitu hakikai sawa, utakuja kujua kwamba siku yenyewe ya kupimwa ndio rahisi. Kazi ni kupata barua ya kukufikisha hapo, tena barua iliyoandikwa na mtu aliyekusikiliza. Jina la kliniki siandiki, kuna mahali nitawasema na sitaki simu. Iko upande wa Hurlingham hapa Nairobi, ghorofa ya kwanza, lifti hakuna ila ngazi si nyingi.

Neema ni wa Januari, alikuwa na miaka 3 na mwezi mmoja hivi nilipoanza kuzunguka. Maneno yake ungehesabu kwa vidole. Jina lake alikuwa haitiki, unaweza ukaita hadi jirani wa plot akuitikie, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili ashafika. Vifuniko vya soda anavipanga kwa dirisha, ukisogeza kimoja siku imeharibika. Halafu alikuwa na sentensi moja ndefu, kamili, haikosei hata herufi: "Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa." Na sauti ya yule mama wa simu kabisa, hadi ile kutua kidogo baada ya samahani. Wageni wakija tunamwambia aseme, watu wanacheka, eti huyu ashapata kazi kwa kampuni ya simu. Mi pia nilikuwa nacheka.

Kila mtu alikuwa na lake. Shosho yake wa Machakos alisema akatwe ule mshipa wa chini ya ulimi. Wifi yangu akasema ni TV. Baba Neema akasema hata yeye alichelewa kuongea na mwangalie sasa, hanyamazi, ambayo ni ukweli. Jirani mmoja akaniuliza polepole kama nimejaribu maombi, unajua ile kuuliza ya chini chini kama kwamba kuna kitu ulifanya huko nyuma. Na kwa vile ni msichana, na hasumbui, wengi walikuwa wananisifu, aki mtoto mpole hivi umemtoa wapi. Aliyenifungua macho ni ticha wa plegrupu, na hakusema maneno mengi: "Mama Neema, mwezi wote huu hajawahi nionyesha kitu kwa kidole. Anashika mkono wangu anaupeleka kwa kitu kama koleo." Nilirudi nyumbani nikaangalia. Ni kweli. Mkono wangu ulikuwa koleo na sikuwa nimeona.

Sasa kosa langu la kwanza lilikuwa kufikiri pesa inaruka foleni. Nikaenda hospitali moja ya kibinafsi, siitaji, nikalipa 4,000 ya kuona daktari wa watoto. Dakika kumi na mbili, nilihesabu kwa saa ya ukutani. Alitoa simu yake akaniuliza maswali 20 ya ndio ama hapana, anabonyeza tu, mwisho akaniambia alama ni za juu, "hii ni otizimu", akaandika barua ya mstari mmoja na nusu kwamba mtoto anashukiwa kuwa na hiyo kitu tafadhali mumpime. Neema muda huo wote alikuwa chini ya meza anazungusha gurudumu la kiti cha daktari. Daktari alimwangalia mara mbili, na moja ni wakati kiti kilikataa kusonga.

Baadaye nilikuja kujua hayo maswali ni ya M-CHAT, iko bure kwa mtandao mtu yeyote anaweza jaza, na imetengenezwa kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Neema alikuwa na miezi 37. Na hata kwa watoto wa huo umri ile si ya kukupa jina la kitu, ni ya kuonyesha kama mtoto aangaliwe zaidi, ni kama ile taa ya dashibodi, ikiwaka unapeleka gari kwa fundi, huwezi sema injini imekufa. Mi nililipa 4,000 kusomewa taa.

Nililia wiki mzima nikijua nishapewa jibu.

Halafu ikaja bahati tu. Nilikuwa nimempeleka zahanati ya kaunti huku kwetu Umoja, si kwa hiyo shida, nilienda dawa ya minyoo na ile vitamini A. Na hapa niseme kitu kuhusu kitabu cha kliniki, kile cha mama na mtoto. Sisi wote tunakimbia nacho wakati wa chanjo, wiki ya 6, ya 10, ya 14, miezi 9 ya surua, miezi 18 surua ya pili, baada ya hapo kinalala kwa kabati na vyeti vya shule. Na ndio hapo sasa, miezi 18 kwenda mbele ndio hizi vitu zinaanza kuonekana vizuri, wakati hakuna mtu anamwangalia mtoto tena isipokuwa wewe na TV. Ndani ya hicho kitabu kuna ukurasa wa hatua za ukuaji, kutabasamu, kukaza shingo, kukaa, kusimama, kutembea, kuongea. Wetu ulikuwa umejazwa hadi kutembea. Kuongea ilikuwa wazi, na mi nilikuwa nayo nyumbani mwaka mzima.

Nesi aliufungua huo ukurasa akaangalia Neema, ambaye alikuwa amelala kifudifudi anaangalia magurudumu ya mizani. "Mama, huyu anaongea?" Nikasema kidogo. "Kidogo namna gani?" Hapo nikaanza kutoa machozi mbele ya foleni ya watu wa chanjo. Hakunipa pole nyingi, aliniinua akanipeleka chumba cha CO, yule afisa wa kliniki anayetibu wagonjwa.

Huyo CO, kijana mdogo, pengine hata miaka 30 hajafika, alikuwa na watu ishirini nje na alikaa na mimi karibu nusu saa. Aliuliza mimba ilikuwaje, alizaliwa wiki ngapi, alilia mara moja ama alicheleweshwa, umanjano ulikuwepo, amewahi kushikwa na degedege, kuna mtu kwa familia alichelewa kuongea (nikamtaja Baba Neema, akacheka). Akapima mzunguko wa kichwa kwa tepu, Neema akaitaka hiyo tepu, akapewa. Halafu akauliza swali ambalo yule wa 4,000 hakuniuliza: kuna maneno alikuwa nayo yakapotea? Nikakumbuka. Akiwa mwaka na nusu alikuwa anasema mama, maji na toto. Kabla afikishe miaka 2 maji na toto zilikuwa zimeenda na mi nilifikiria ni juu ya kuhama nyumba. CO akaacha kuandika, akaniangalia, akapiga mstari chini ya hiyo sentensi mara mbili. Akasema mtoto akipoteza maneno usingoje, haijalishi umri.

Barua yake ilijaa ukurasa mzima mbele na nyuma. Iko kwa Kiingereza cha hospitali lakini kila kitu nilichosema kiko ndani, vifuniko vya soda viko, koleo liko. Na chini aliandika anataka kujibiwa nini: masikio yapimwe kwanza, halafu lugha, halafu ukuaji kwa jumla. Nikatoa fotokopi sita kwa saiba. Kama utachukua kitu kimoja kwa hii maoni yangu chukua hiyo, ile barua halisi usimwachie mtu, kila kaunta inataka kukaa nayo.

Kwa hospitali kubwa ya serikali barua ilikubaliwa bila maneno, lakini tarehe niliyopewa ilikuwa miezi minne mbele. Niliishika. Ndio nikaanza kutafuta mahali pa kulipia kwa huo muda, na hela nilitoa kwa chama, nalipa hadi leo. Bima ya kazini ya Baba Neema ilikataa, wakasema mambo ya ukuaji hayako kwa mkataba.

Masikio tulipima Upper Hill na hiyo ilikuwa filamu. Wanabandika nyaya ndogo kwa kipaji na nyuma ya masikio, mashine inatoa milio na kusoma vile neva inajibu, na mtoto wa umri huu lazima awe amelala fofofo, la sivyo wamlaze kwa dawa. Kwa hivyo unaambiwa umuamshe usiku wa manane usimwache alale hadi ufike. Tulimuamsha saa kumi alfajiri. Kwa matatu ya Jogoo Road kazi yetu mimi na babake ilikuwa kumfinya finya na kumuimbia, makanga akauliza kwani mnamtesa mtoto nini, tukamweleza, akapandisha muziki hadi vioo vikatetemeka. Neema alishika masikio njia yote, macho kama taa. Akalala mita mia moja kabla ya mlango, kwa mgongo wangu, na yule mama wa kupima alivyoona tu akasema pita pita, fomu tutajaza baadaye. Saa nzima nimekaa nimeshika mguu wa mtoto nikiomba asiamke. Masikio ni mazima. Na hakuna majimaji nyuma ya ngoma. Baba Neema alifurahi kabisa, mi sikujua nifurahi ama vipi, juu kama si masikio basi.

Sasa Hurlingham.

Kabla ya siku yenyewe walitutumia fomu kwa Wotsapu, kurasa 14, Kiingereza kitupu, hii mnikubalie niwasute kidogo juu mtu kama shosho ambaye ndiye anakaa na mtoto mchana mzima hangeweza jaza. Maswali mengine pia ni ya watoto wa kwingine. Moja iliuliza kama anatumia uma kula. Jamani, sisi ni ugali. Niliandika "anakula kwa mkono, na anakula vizuri". Lakini hapa pia wana pointi: waliomba mimi na babake kila mtu ajaze yake peke yake, bila kuonana. Nilifikiri ni usumbufu. Kumbe babake alijaza "kawaida" chini hadi mwisho na mimi nikajaza "hapana" chini hadi mwisho, na saikolojisti wao, yule wa kumpima Neema, ndio alianzia hapo, alituwekea karatasi mbili pembeni kwa pembeni akatuuliza taratibu mahali tofauti ilikuwa kubwa. Hakuna aliyeambiwa anadanganya. Baba Neema aliongea hapo kuliko vile ameongea nyumbani mwaka mzima, akasema anaogopa tukiandika hapana mtoto ataandikiwa hapana maisha yake yote.

Halafu saikolojisti akatoa barua. Nilikuwa nimempa zote mbili, ile ya mstari mmoja na ile ya CO. Ya kwanza aliisoma akaiweka chini. Ya CO aliisoma mbele na nyuma, akaanza kutuuliza kutoka kwayo, maji na toto yalipotea mwezi gani, mlihama lini, nani alikuwa anakaa naye wakati huo. Saa nzima ya kwanza ilikuwa hiyo. Ile pesa ya kurudia kila kitu kutoka mwanzo tuliiokoa kwa barua ya bure ya zahanati.

Aliuliza pia nyumbani tunaongea lugha gani. Kiswahili sisi, Kikamba shosho, Kiingereza katuni. Akasema basi atatumia Kiswahili na akiona hakuna kitu atajaribu zile zingine, na kwamba lugha tatu hazimfanyi mtoto akose kuongea. Hiyo nilitaka niirekodi nimtumie wifi.

Kipimo chenyewe mtoto anaona ni kucheza. Chumba kidogo, zulia, mi nimekaa kona nimeambiwa nisisaidie, ambayo ni adhabu kubwa kwa mama. Kuna mapovu ya sabuni, kuna gari, kuna mdoli. Saikolojisti anapuliza mapovu, halafu anafunga chupa anaiweka mbele ya mtoto na kungoja. Anangoja tu. Ni kuona mtoto atafanya nini kuomba, atamwangalia mtu usoni, ataonyesha kidole, atatoa sauti, ama atachukua mkono wako. Inachukua kama saa moja hivi na inaitwa ADOS, imetoka ng'ambo. Kuna mahali mdoli anafanyiwa sherehe ya kuzaliwa na keki ya udongo wa kuchezea na mishumaa. Neema aliiangalia hiyo keki kama kitu kimeanguka kutoka mbinguni. Nikashindwa kunyamaza nikasema dokta, huyu hajawahi katiwa keki, siku yake ya kuzaliwa ilipita tukiwa kwa matanga. Akaandika hiyo kwa karatasi, akabadilisha, akaanza kumlisha mdoli chai na mandazi ya huo huo udongo. Hapo Neema akasogea. Hakumlisha mdoli, lakini alisogea akagusa kikombe.

Halafu ikaja ile ya chupa mara ya pili. Ameifunga, ameiweka, anangoja. Neema akavuta mkono wa saikolojisti, ukakataa kuwa koleo. Akazunguka mara moja. Akasema, wazi kabisa, "Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa."

Mi nikacheka ile cheko ya kuona aibu. Yeye hakucheka. Akafungua chupa mara moja akapuliza mapovu mengi, halafu akanigeukia: "Hii huwa anaisema wakati gani?"

Miaka na miezi yote hiyo hakuna mtu alikuwa ameniuliza wakati gani. Watu waliuliza aseme tena. Nikafikiria. Anaisema nikiwa kwa simu. Anaisema mlango wa friji ukiwa umefungwa. Aliisema siku babake alienda kazi Nakuru hakurudi usiku. Anaisema akitaka kitu na hakuna mtu anampa. Saikolojisti akasema basi hiyo si kasuku, hiyo ni sentensi yake, ameikopa nzima nzima juu bado hana vipande vya kuunda yake, na anaitumia mahali pake. Ina jina, ekolalia, na watoto wengi wa usonji, ndio ile otizimu kwa Kiswahili, wanaanzia hapo kuongea. Alinionyesha na cha kufanya: akisema hivyo usimwambie nyamaza na usimwambie rudia tucheke, mpe lile neno fupi alilokuwa anatafuta, "fungua", halafu ufungue.

Kwa hiyo dakika tano peke yake ningelipa. Nililipa 28,000 kwa jumla, kwa awamu mbili, nusu siku ya kwanza na nusu ya kupewa ripoti, ni vikao viwili na cha tatu cha kuelezwa. SHA, ile bima ya afya ya serikali, niliuliza, hapo hawaichukui.

Sasa mahali pa kuwasema. Ripoti waliahidi wiki tatu, ilikuja wiki tano na nusu, na kila nikipiga naambiwa iko kwa meza ya kusaini. Mzazi ambaye anangoja jina la kitu mtoto wake ako nayo hahitaji kuambiwa habari ya meza. Na ilipokuja, kurasa 11, ukurasa wa 7 Neema amegeuka mvulana, aya mbili nzima "he" na "his". Ni wazi walichukua ya mtoto mwingine wakaandika juu. Nikauliza kama hayo maneno ni ya mtoto wangu ama ni ya mtu. Walirekebisha kwa siku mbili, wakaomba msamaha, na saikolojisti mwenyewe alipiga simu akapitia hiyo kurasa na mimi sentensi kwa sentensi kuonyesha gani ni ya Neema. Sawa. Lakini kama ingeandikwa Kiswahili wangeokoka, kwetu yeye ni yeye tu.

Kikao cha kuelezwa kilikuwa kizuri. Alituambia kwa Kiswahili, babake akiwepo, bila haraka: ni usonji, kiwango cha pili kati ya vitatu, maana yake anahitaji msaada mwingi lakini hivi viwango ni vya msaada wa leo, si cheo cha kudumu. Lugha iko nyuma, akili ya kupanga na kukumbuka vitu iko sawa na umri na mahali pengine mbele. Akaandika therapi mbili, ya kuongea na ya OT, ile ya kumzoesha shughuli za kila siku. Na hakutusukuma kufanyia kwao. Bei yao ni 2,500 kikao kimoja na tulimwambia ukweli kwamba hatutaweza kila wiki, akatupangia mara mbili kwa mwezi na kazi ya nyumbani ambayo hata shosho anafanya. Shosho siku hizi ndiye mkali wa "fungua", ile habari ya mshipa wa ulimi haizungumzwi.

Kitu ambacho hawakusema, na nilikisikia kwa mama mwingine hapo kwa benchi, ni kwamba hiyo ripoti haikupeleki kila mahali. Mi nilidhani ni karatasi moja inafungua yote. Kumbe ni tatu na kila moja ina mwenyewe. Hii ya kliniki inakupa jina la kitu na mpango wa therapi. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu inataka mtoto apitie kamati ya madaktari kwa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, wajaze fomu yao. Na shule ni EARC, vile vituo vya kutathmini watoto vya wizara ya elimu ambavyo viko tangu 1984, wao ndio wanaangalia mtoto akae darasa la kawaida na msaada, ama kitengo maalum kama kile cha usonji kilicho shule ya City hapo Ngara tangu 2003, ama vipi. Kuna pia KISE kule Kasarani, wale wanaofunza walimu wa watoto hawa, nao wanatathmini. Kliniki ya 28,000 ingeweza kuchapisha hiyo kwa nusu karatasi na kubandika kwa ukuta hapo kwa mapokezi badala ya picha ya maporomoko ya maji.

Ndio maana ile tarehe ya serikali sikuiachilia, na nashukuru. Ni Jumanne ijayo. Naenda na ripoti, karatasi ya masikio, na fotokopi ya mwisho ya barua ya CO. Nilirudi zahanati kumwonyesha CO ripoti, nikaambiwa amehamishwa. Nesi bado yuko. Aliisoma amesimama, ukurasa wa kwanza tu, akachukua kitabu cha Neema akaandika pale palipokuwa wazi.

Kwa wale mtaenda: kutoka tao panda 46, mwambie makanga akushushe Hurlingham. Chukua nafasi ya asubuhi, saa tatu, mchana kuna mjengo hapo kando na wanapiga nyundo hadi mtoto anachanganyikiwa na unaweza ukaandikiwa kitu ambacho ni kelele. Mwombe ticha akuandikie nusu ukurasa, waliutumia sana. Beba kitu mtoto anapenda, sisi tulibeba vifuniko vya soda na hakuna aliyeuliza. Na beba suruali. Za kwa droo ni saizi moja, ya miaka 4, tulimkunjia mara tatu.